Faili ya Kichochoro na Daftari la Sufuria

Nakiri. Faili ya kichochoro niliipoteza mimi.

Nimelikana jambo hili kwa muda mrefu na kwa ustadi. Nililikana kazini, mbele ya wakubwa watatu waliopokezana kiti kimoja. Nililikana siku ya kuagwa, kisu cha keki mkononi, niliposimama nikatangaza kwamba katika miaka yangu yote ya masjala sikupoteza hata karatasi moja. Watu wakapiga makofi, na mimi nikayaamini makofi yao. Kisha nikalikana barazani kwa Bi Shamsa, jirani yangu wa mtaa wa Kuze, na yeye ndiye aliyekuwa akiihitaji faili hiyo. Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni.

Nyinyi vijana mnanijia na simu zenu mkononi, mmoja leo, mwingine kesho yake: "Bi Salha, tutapataje karatasi serikalini?" Leo nawajibu wote pamoja. Ila mtaipata elimu hii pamoja na aibu yangu, maana siwezi kuzitenganisha.

Kwanza mnijue. Nilisoma historia chuo kikuu. Nilikuwa nimepanga kuandika vitabu vinene, hata sahihi nilijitungia mapema, yenye mkia mrefu unaozunguka na kurudi chini ya jina kama paka aliyejikunja, ili siku ya kuwatilia watu sahihi nisione haya. Vitabu havikuja. Ilikuja kazi ya masjala, chumba cha kutunzia faili, katika ofisi moja ya umma hapa kisiwani. Sitaitaja, kwa sababu bado nina rafiki humo na nataka abaki rafiki. Sahihi ile nikaitumia kwenye madaftari ya kazi. Nilistaafu mapema, kifua kilipokataa vumbi. Sijazeeka, nimestaafu tu. Msichanganye.

Sasa elimu. Karatasi za serikali ni zenu. Serikali inazitunza tu, kama jirani anavyokutunzia ufunguo ukisafiri. Katiba imesema hivyo, na sheria ya kupata habari ikafafanua: mwananchi yeyote anaweza kuandika, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, akaomba aone karatasi au apewe nakala. Kuomba hakuna ada. Mtalipia gharama ya nakala basi. Na halazimiki mtu kusema anaitakia nini. Narudia, kwa sababu najua hamkunisikia: halazimiki mtu kusema anaitakia nini. Sisi watu wa Mombasa hatuwezi kuazima chumvi bila kueleza tunapika nini na nani anakuja kula. Barua zetu ndivyo zilivyo. Na karani mvivu huzipenda sana barua hizo, maana katika maelezo yako marefu hakosi kupata sababu ya kukunyima.

Najua kwa sababu karani mvivu nilikuwa mimi. Nilikaa upande wa pili wa kaunta kabla ya sheria hiyo na baada yake, na hila zote nazijua; nyingine nilizibuni. "Njoo Jumatatu" ni hila ya Alhamisi. "Mtandao uko chini" ni hila ya kisasa. "Mwenye funguo ametoka" niliisema mara nyingi sana, na mwenye funguo nilikuwa mimi, na funguo zilikuwa zinanichoma pajani.

Dawa yake ni kutoomba kwa mdomo. Mdomo hauna tarehe. Andikeni barua, nakala mbili, mwache moja na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yenu. Karani atasema muhuri umekauka wino. Kaeni mngoje ulowe. Ukishagonga, siku ishirini na moja za kukujibu zimeanza, na karani anajua kwamba zimeanza. Mimi nilikuwa nikiusikia muhuri ule hata nikiwa chooni.

Kisha ombeni kitu kimoja kinachojulikana. Alikuja siku moja kijana wa chuo, tai shingoni, na barua ya Kiingereza kizito, akiomba "nyaraka zote zinazohusu Mji wa Kale". Zote! Nikamfungulia mlango wa chumba, nikamwambia, "Karibu mwanangu, anzia kushoto." Akatoka adhuhuri na mafua.

Wazee wetu nao walikuwa na kosa la upande wa pili. "Nataka karatasi ya nyumba ya Mbaraka Mapengo." Mbaraka Mapengo ni nani? Alikufa kabla mama yangu hajazaliwa, ila nyumba ingali inaitwa kwa meno yake. Nambari ya kiwanja hakuna aijuaye, hata wanaoishi ndani. Kwa hiyo kabla ya kuandika, tafuteni nambari hiyo kwenye karatasi yoyote ya zamani, hata iliyofungiwa bizari. Mkiikosa, tajeni jina la nyumba, mtaa, njia ya mbele na ya nyuma, na miaka mnayodhani. Mpeni karani pa kuanzia, asipate pa kujificha.

Mkuu wangu wa kwanza, Mzee Bakari, hakuhitaji nambari. Alijua majina ya utani ya nyumba zote kuanzia Ngomeni hadi Kibokoni. Mtu akija na hasira alimkalisha, akampa kahawa na kipande cha haluwa, kisha ndipo akamuuliza shida yake. "Anayetafuna hafoki," aliniambia. Lakini kwa jambo moja hakuwa na masihara: faili isitoke chumbani bila kuandikwa katika daftari la mwendo wa faili. Tarehe, jina la faili, sahihi ya aliyeichukua, na siku iliporudi. "Karatasi haipotei, Salha. Hupotea aliyeiweka."

Mimi nami nilipopanda cheo nikaupeleka ukali huo kwa Kadzo, dada mpole wa Kaloleni aliyekuwa chini yangu. Mara moja tu alimpelekea mkuu faili, milango miwili kutoka kwetu, bila kutia sahihi. Nikamwandikisha jina lake ukurasa mzima. Mtu mzima, mama wa watoto wawili! Aliandika, akanikabidhi, akasema, "Asante, Bi Salha." Shukrani ile ingenitia hofu kama ningekuwa na akili. Leo Kadzo ndiye mkuu wa masjala, na ndiye anayepokea barua za maombi.

Sasa tuingie kichochoroni.

Nyumba ya Bi Shamsa ina milango miwili. Wa mbele una ngazi tano za mawe, nyembamba na ndefu, zilizojengwa na mtu aliyekuwa na magoti mazuri. Wa nyuma uko sawasawa na ardhi na unatokea kichochoroni. Tangu Bi Shamsa alipovunjika nyonga, mlango wake ni huo wa nyuma. Basi nyumba ya jirani ikauzwa, na mnunuzi, ambaye sisi tulimpa jina la Bwana Geti, akatia geti la chuma na kufuli mdomoni mwa kichochoro. Si mtu mbaya. Husalimu vizuri, huuliza hali ya wagonjwa. Alisema tu kwamba kichochoro ni sehemu ya kiwanja chake, na kwamba baada ya miezi miwili atajenga ukuta mahali pa geti. Akamletea Bi Shamsa ufunguo wenye utepe.

"Huu wako, mamangu. Utautumia mpaka ukuta uanze. Kwa hisani yangu."

"Hisani yako kaa nayo," akajibu Bi Shamsa. "Nikiupokea ufunguo, n'takuwa n'mekubali kwamba njia ni yako."

"Basi nionyeshe karatasi inayosema ni ya umma. Ukinionyesha, geti nitaling'oa mwenyewe."

Tangu siku hiyo Bi Shamsa akawa anatokea mbele. Anakaa kwenye ngazi ya juu, anakusanya buibui, anateremka kwa makalio, ngazi kwa ngazi, watoto wa madrasa wakigeuza nyuso kwa adabu. Ufunguo ulibaki umetundikwa getini, utepe wake ukipepea. Hakuugusa.

Barua ya kwanza aliiandika mwenyewe, kurasa nne. Salamu ukurasa mmoja. Nasaba ya babu yake ukurasa wa pili. Wa tatu ulikuwa wa tabia za Bwana Geti na za watu wa namna yake kwa jumla. Wa nne dua. Ombi halikuwamo. Ofisi ikamjibu: "Barua yako imepokelewa. Tunashukuru kwa salamu." Akanijia na jibu hilo kama mtu aliyetemewa mate.

"Weye ulikuwa humo. Ndoo uniandikie."

Nikajikohoza kama mtaalamu. Tukakaa barazani.

"Andika: Asalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh, ama baada ya salamu..."

"Bi Shamsa, tuanze na tarehe."

"Tarehe kabla ya salamu? Weye ulisoma wapi?"

"Chuo kikuu."

"Yaonekana."

Tulisuluhishana: salamu mstari mmoja. Kisha jina lake na kwamba ni mwananchi, mahali pa kumpata, na ombi. Niliomba vitu vitatu: ramani ya kichochoro, kibali cha geti, kama kipo, na nakala ya ukurasa wa daftari la mwendo wa faili, pale faili ya kichochoro ilipotolewa mara ya mwisho. Nikaongeza kwamba wakikataa wakatae kwa maandishi na watoe sababu. Kwamba kama sehemu fulani ni ya siri watupe iliyobaki. Na kwamba kama karatasi ziko ofisi nyingine wapeleke ombi huko ndani ya siku tano, kama sheria isemavyo, wasimzungushe mama wa watu. Wakitunyima tungekuwa na siku thelathini za kulalamika kwenye tume inayohusika. Hilo sikuliandika. Kitisho huwekwa mfukoni.

Lile ombi la tatu, la daftari, nililiweka kwa majivuno, makofi ya siku ya keki yakiwa yamekwisha kunisahaulisha kwamba faili niliitoa mimi. "Ofisi ikisema faili imepotea," nilimwambia Bi Shamsa huku nikizungusha kalamu, "daftari litasema imepotelea kwa nani. Siku zote dai daftari. Faili hukana, daftari halikani." Na nyinyi nawaambia vivyo hivyo. Ni siri bora kuliko zote nilizonazo, na mtaona ilivyonitendea.

Siku ya kumi na nane bahasha ikaja. Barua ilikuwa ya Kadzo, safi, fupi, kama nilivyomfundisha. Kibali cha geti hakikupatikana. Faili yenye ramani haimo rafuni. Nakala ya ukurasa wa daftari imeambatishwa.

Nikaufunua ukurasa. Faili ya kichochoro, mstari wa saba. Safu ya kurudi, tupu. Safu ya aliyeichukua, paka amejikunja.

"N'somee," akasema Bi Shamsa, aliyekuwa ameacha miwani yake ndani. "Nani kaitoa?"

Vijana wangu, pale ndipo mtu anapojijua. Mimi nilijijua, na sikupendezwa.

"Maandishi yamefifia, Bi Shamsa."

"Yamefifia?"

"Mashine zao za nakala mbovu."

"Masikini," akasema, akaichukua karatasi, akaikunja, akaitia kwapani.

Wiki nzima nilikuwa nikisikia buibui likikwaruza mawe asubuhi, nikawa nachungulia kwenye upenyo wa dirisha. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu alikuwa akipumzika. Mafundi wa Bwana Geti walikwisha kushusha matofali. Mimi, mwenye shahada, nilikuwa nyuma ya pazia nikijaribu kukumbuka nilikoiweka faili, na kila nilipojaribu nilikumbuka makofi tu.

Siku ya nane akaniita. "Ndoo n'kuoneshe kitu."

Lazima niwaeleze kwamba Bi Shamsa ndiye mwenye sufuria kubwa za mtaa. Ukiwa na harusi au hitima huku kwetu, hununui sufuria ya kupikia watu mia mbili. Unaazima kwa Bi Shamsa. Na haziazimi ovyo. Ana daftari, la jalada gumu, lenye tarehe, ukubwa wa sufuria, sahihi ya mwazimaji, na siku iliporudi. Mzee Bakari angelia kwa furaha kuliona.

Alikuwa amevaa miwani. Alilifungua daftari penye harusi ya mpwa wangu, akaiweka ile nakala kando yake. Paka wawili wakatutazama.

"Yamefifia, ee?"

"Bi Shamsa, sahihi za watu hufanana..."

"Paka huyu n'mmoja Kuze nzima, Salha. Na hapa pia safu ya kurudi i tupu. Sufuria yangu ya biriani umekaa nayo, na faili ya serikali umekaa nayo. Kwani kwako ni ghala?"

Nikakiri. Nilikiri yote, faili, keki, pazia, hata funguo zilizokuwa mfukoni mwangu miaka ile. Nilingoja anifukuze. Yeye akavuta nakala karibu na macho.

"Siku hiyo ulitoa na ipi nyingine?"

"Kwa nini?"

"Nina miaka arubaini naazima sufuria. Sufuria ndogo haipotei harusini. Watu wakichoka huitia ndani ya kubwa, ikaenda kwa mwenye ile kubwa. Mimi nikikosa ndogo sikuulizi 'nani mwizi'. Nauliza siku ile palitoka kubwa gani."

Nikatazama. Mistari miwili juu, tarehe ile ile, paka yule yule: faili ya mitaro ya Kuze, nene kama mto wa kulalia. Safu ya kurudi imejazwa, siku iyo hiyo.

Na hapo ikanirudia. Mvua. Kikao cha mitaro upande wa pili wa ua. Mimi na mwavuli mmoja na faili mbili, na akili ya kuitia nyembamba ndani ya nene isilowe. Nikairudisha nene, nikatia sahihi, nikaenda kunywa chai. Baadaye kompyuta zikaja, tukaambiwa kilichomo ndani ya kompyuta kipo na kisichomo hakipo, na mafaili manene yakapelekwa ghala la serikali kule Mbaraki bila kufunguliwa.

Barua ya pili niliipeleka mwenyewe. Nilivaa vizuri, kama mtu anayekwenda mahakamani.

"Shikamoo, Bi Salha," akasema Kadzo.

"Marahaba, mwanangu."

Akasoma polepole. Ilibidi niandike ukweli, maana ombi lisilo wazi ni ombi la kijana wa tai: kwamba ramani huenda imo ndani ya faili ya mitaro, ilimoachwa na aliyekuwa mkuu wa masjala, yaani mimi.

"Mstari ule niliuona wiki uliyostaafu," akasema Kadzo bila kuinua macho. "Ila ndani ya nene sikufikiria."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeniandikisha jina ukurasa mzima."

Akagonga muhuri. Mlio ule ule.

"Siku ishirini na moja, Bi Salha."

"Kadzo! Ni mimi!"

"Naona. Jina limeandikwa vizuri."

Lakini hakungoja ishirini na moja. Siku ya tisa, asubuhi, Bwana Geti alikuwa kichochoroni na fundi wake wakipima kamba ya ukuta. Mimi na Bi Shamsa tulikuwa tumekaa ngazi ya juu, yeye amekwisha kukusanya buibui tayari kuteremka. Simu yangu ikalia. Nikaiweka kwa sauti kubwa, maana Bi Shamsa haamini simu asiyoisikia mwenyewe.

Kwanza ilikuja chafya. Kisha nyingine.

"Bi Salha, niko Mbaraki. Ghalani." Chafya. "Imo. Ndani ya nene, kama mlivyosema. Hata maji haikupata."

"Ramani?"

"Ninayo mkononi. Kichochoro kimechorwa kutoka njia ya mbele hadi ya nyuma, kipana kama kilivyo. Kimeandikwa 'njia ya wapitao, isizibwe'. Nimempigia mkuu wa ofisi, amesema geti liondoke. Nakala yenye muhuri inakuja leo, na barua ya mwenye geti iko pamoja nayo."

Kule kwenye kona, mdomoni mwa kichochoro, kamba ya fundi ilikuwa imelegea. Bwana Geti alikuwa ametugeuzia uso. Alikuwa amesikia kila neno, kama mtaa wote ulivyosikia. Kisha akautoa ufunguo wenye utepe pale ulipotundikwa, akafungua kufuli, akaliondoa, akalitia mfukoni mwake, na kumwambia fundi jambo kuhusu nyundo.

Bi Shamsa hakushangilia. Aliachia buibui taratibu, akalinyoosha magotini, akanyoosha mkono.

"Hebu n'pe hiyo simu." Akaishika mbali na sikio, akapaza sauti kana kwamba Mbaraki iko ng'ambo ya bahari. "Kadzo, mwanangu, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Sasa kabla hujaifunga hiyo faili, hebu tazama chini kabisa."

"Nitazame nini, mama?"

"Sufuria yangu ya biriani."